Kuwafuata Vifaru hadi Cape Town

Nyote mlioniuliza dukani, msikitini na kwenye simu kilitokea nini Cape Town, nimewajibu kipande kipande, na kila mtu ameondoka na kipande chake. Sasa nasikia mmoja anasema tulishinda, mwingine anasema tulipotea tukaikosa mechi, na kuna aliyeambiwa kwamba nilimpiga kipa. Hakuna aliyepata sawasawa na hakuna aliyekosa kabisa. Nimekaa leo niandike yote kwa mfuatano, kwa ajili yenu na kwa ajili yangu pia, maana bado kuna mambo sijayaelewa.

Kwa wasiojua nilivyoingia kwenye mambo haya: miaka mitatu iliyopita, kijana mkubwa wa Kikaburu aliingia kwenye duka langu la cherehani hapa Mayfair, Joburg, na jezi iliyochanika kutoka begani mpaka kiwikoni. Nilidhani ameng'atwa na mbwa. Akaniambia ni kazi ya mchezo, yeye ni kipa wa magongo, magongo ya kwenye barafu. Anaitwa Hennie. Mchana ni fundi umeme, jioni anasimama golini. Nilipoishona ile jezi akaipenda, akaniletea nyingine sita za wenzake, halafu akaniambia, "Mama, njoo Jumamosi uone zinavyochanika."

Nikaenda na Mama Furaha, msusi wa Malvern, mtu wa Bukavu, ambaye mnamfahamu wengi kwa sauti yake kabla ya sura yake. Kule mashariki ya jiji, ndani ya jengo la maduka, kuna uwanja wa barafu. Mimi wa Tanga sikuwahi kuona barafu kubwa kuliko ya kwenye ndoo ya samaki. Wanaume wamevaa viatu vya visu, wanakimbizana na kisahani cheusi cha mpira mgumu, wanagongana kwenye ukuta kama magari. Tuliondoka tumepoteza sauti. Timu inaitwa Vifaru, na siku hiyo ilifungwa sita bila.

Tangu hapo hatukukosa mechi ya nyumbani. Ni timu ya kulipwa, ingawa karibu wote wana kazi nyingine, na ni timu ya kufungwa. Misimu mitatu nimewaona wakishinda mara nne. Msimu huu hawakushinda hata moja. Mpaka leo sijui kwa nini refa hupuliza filimbi wakati mwingine, kila anayenieleza ananieleza tofauti, lakini najua uso wa Hennie ndani ya ule wavu wa kofia anapofungwa, na huo sihitaji kuelezwa.

Mwenye timu aliwaambia wachezaji wazi: mkimaliza msimu bila ushindi, naivunja. Ikabaki mechi moja, ugenini, Cape Town. Hennie akanitumia ujumbe: "Mama, njooni. Huenda ikawa ya mwisho." Mama Furaha akafunga saluni, nami nikafunga duka.

Park Station

Basi letu lilikuwa la saa mbili asubuhi, Ijumaa. Tulifika saa moja tukiwa na mabegi, blanketi, chupa ya chai na chakula cha kulisha msafara. Mimi nilibeba viazi vya karai, kuku wa kukaanga na mkate wa mofa. Mama Furaha alibeba sombe, kisamvu cha kwao, na bugali umefungwa kwenye taulo, na chupa ya pilipili ambayo aliishika mkononi safari nzima kama mtu aliyekabidhiwa kitoto kichanga.

Saa mbili ikafika, basi lipo, dereva hayupo. Saa tatu dereva akaja, akasema hawezi kuondoka bila dereva mwenzake. Nikamuuliza mwenzake anakuja lini. Akanijibu, "Just now."

Miaka kumi na miwili nimekaa jiji hili na neno hilo bado linanishinda. Wenyeji wakisema "now" wana maana yao, wakisema "now now" wana nyingine, na wakisema "just now" basi tafuta kiti. Nikakaa. Mama Furaha, ambaye hakai, alienda kumhoji dereva kwa Kizulu chake chenye Kifaransa ndani, akarudi ameridhika kabisa.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Amesema mwenzake iko ku roboti ya hapo mbele." Roboti ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani.

Dereva wa pili alitokea saa tano kasoro, akitokea Hillbrow kwa miguu na begi dogo mgongoni, akamsalimia kila abiria mmoja mmoja kwa adabu kubwa. Ungemkasirikiaje mtu wa namna hiyo? Tukaondoka.

Hadi Bloemfontein

Kiti cha mbele yetu alikaa bibi mmoja wa Kikaburu, mwembamba, nywele nyeupe, na kofia ya kufuma. Watu walimwita Tannie, yaani shangazi, nasi tukamwita hivyohivyo. Alikuwa anarudi kwao Beaufort West. Kabla hatujamaliza kutoka kwenye nyumba za jiji alikuwa amegeuka, amepiga magoti kwenye kiti chake, anatutazama juu ya mgongo wa kiti kama jirani wa ukutani.

Akatoa mfuko wa nyama kavu, akatusukumia. Nikamuuliza ni nyama gani. Akasema, "Kudu." Mama Furaha akaniuliza kudu ni nini, nikamwambia ni yule mnyama wa pembe za kuzunguka, tandala. Nikamuuliza bibi huyo tandala amechinjwa vipi. Hakuelewa swali. Nikaonyesha shingo yangu kwa mkono. Akashtuka, akasema, "Hapana, hapana, mwanangu alimpiga risasi," akidhani namtuhumu mtoto wake kwa jambo baya zaidi. Ilichukua muda mpaka tukaelewana kwamba mimi ni Mwislamu na nauliza tu, na kwamba mwanawe ni mtu mwema. Nikamrudishia nyama yake, nikampa kuku. Akala vipande vitatu. Mama Furaha alikula nyama ya tandala ya watu wote wawili, yangu na yake.

Akatuuliza tunaenda kufanya nini Cape Town. Nikamwambia tunafuata hoki, ndivyo huku wanavyoyaita magongo. Uso wake ukawaka! Mjukuu wake anacheza hoki! Uwanja wenyewe anaujua, ameenda mara nyingi! Akaomba kalamu, akaandika anwani nyuma ya tiketi yangu kwa mwandiko mzuri wa shuleni, akaipigia mstari mara mbili. Nikamshukuru sana. Anwani aliyonitumia Hennie ilikuwa kwenye simu, lakini karatasi haiishiwi chaji, nikaiweka kwenye pochi nikijiona mwerevu.

Bloemfontein tulifika saa kumi alasiri. Tulishuka kujinyoosha, nikapata pa kuswali kando ya kituo, tukapanda tena.

Colesberg

Karibu na Colesberg, jua linazama, basi likaanza kutoa sauti ya kukohoa. Dereva wa kwanza akasema ni mafuta. Dereva wa pili akasema si mafuta. Wakabishana kwa dakika ishirini basi likiwa linaenda, halafu likawaamulia lenyewe kwa kusimama mbele ya kituo cha mafuta.

Tukaambiwa basi lingine linatoka Bloemfontein. Linafika lini? Mnajua jibu.

Sitawachosha na usiku ule. Tulilala vitini kwa baridi ambayo sijawahi kuionja, Tannie katikati yetu chini ya blanketi letu, akikoroma taratibu. Simu yangu ilikufa, ya Mama Furaha ilikuwa imekufa tangu mchana kwa kutazama mahubiri. Basi jipya lilikuja alfajiri, saa kumi na moja. Nikapiga hesabu ya masaa kwenye vidole. Mechi ilikuwa saa tisa alasiri. Tungefika saa nane, saa nane na nusu.

"Tutawahi," nikasema.

"Tukiwahi mimi nitalia," akasema Mama Furaha. "Tusipowahi pia nitalia. Donc basi, nipe chai."

Beaufort West Tannie alishuka. Alitubusu wote wawili mashavuni, akagonga pochi yangu kwa kidole pale ilipokuwa ile anwani, akasema kwa Kiingereza, "Msipotee!"

Cape Town, uwanja wa kwanza

Basi liliingia Cape Town saa tisa kasoro dakika kumi. Ule mlima wao maarufu nimeuona, ndiyo, kwa wale walioniuliza. Niliuona kwenye dirisha la teksi kwa muda wa kuhesabu mpaka tano. Nilimpa dereva teksi karatasi ya Tannie. Akaisoma, akasema, "Hoki? Sharp," yaani sawa, akakanyaga mafuta.

Akatushusha kwenye geti kubwa lenye miti. Nikamuuliza mlinzi, "Hapa kuna mechi ya hoki leo?"

"Ndiyo, Mama."

"Timu ya Joburg ipo?"

"Ipo. Wameshaanza, kimbieni."

Tukakimbia na mabegi. Tulitokea kwenye uwanja wa wazi, jua linawaka, na chini kuna zulia la kijani mfano wa majani. Watu ishirini na zaidi wanakimbia na magongo. Sikuona jengo. Sikuona barafu. Nilisimama pale nikiwa nimeshika begi kwa mikono miwili na akili yangu ikakataa kabisa kunisaidia.

Mama Furaha ndiye aliyepata maelezo. "Saumu, jua ya hapa ni kali. Barafu imeyeyuka, njo maana banacheza mu majani."

Naona aibu kuandika kwamba nilimwamini. Lakini jitieni kwenye nafasi yangu: nimeambiwa hoki ndiyo hii, timu ya Joburg ndiyo ile, na kweli walikuwa wamevaa kijani kama Vifaru. Tukakaa. Nikaanza kuwatafuta watu wangu. Bila makofia na mabega ya sponji nilidhani ndiyo maana siwatambui, wote wamekuwa wembamba. Kipa alikuwa mbali, mkubwa, amevaa manjano. Nikasimama nikapiga kelele, "Hennie! Hennie! Tumefika!"

Kipa akageuka akanipungia mkono.

Nikakaa nimetulia moyo. Dakika nzima nilikuwa mtu mwenye furaha. Baadaye kidogo mpira ulienda upande wa pili, akavua kofia kujifuta jasho, na alikuwa mtu mwingine kabisa, mwenye ndevu nyekundu. Kumbe naye anaitwa Hennie. Huku kusini ukiita jina hilo kwenye uwanja wowote, mmoja atageuka.

Nyuma yetu alikaa mama mmoja wa Kikhosa, mwanawe anacheza. Akaniuliza kwa upole, "Dada, unamtafuta nani?" Nikamweleza: Vifaru, barafu, viatu vya visu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka mkono mdomoni, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akasema hii ni hoki ya majani, ya barafu inachezwa kwenye jengo upande mwingine wa mji, na mechi hiyo mwanawe mdogo aliitaja asubuhi.

"Imeanza?" nikauliza.

Akatazama saa. "Eish. Zamani."

Akainuka, akachukua funguo zake, akaacha mechi ya mwanawe katikati ili awapeleke wanawake wawili asiowajua. Njiani aliniambia anaitwa Nomsa na kwamba hata hoki ya majani haielewi, huenda tu kumpigia mtoto makofi. Nikamwambia basi sisi ni wamoja. Alitushusha mlangoni, akageuza gari kurudi kwa mwanawe kabla hatujamaliza kushukuru.

Barafuni

Tuliingia kipindi cha tatu kimeshaanza, kipindi cha mwisho. Baridi ya barafu ikanipiga usoni nikasikia kama nimefika nyumbani. Ubao ulisema wenyeji tatu, Vifaru mbili. Tatu kwa mbili! Kwa Vifaru wa msimu huu hiyo ni mechi ya kupigana. Nikamshika Mama Furaha mkono tukashuka ngazi.

Nikatazama goli letu. Aliyesimama pale hakuwa Hennie. Alikuwa kipa wa akiba, kijana ambaye msimu mzima sijamwona akicheza hata dakika kumi. Nikatazama benchi. Hennie hayupo. Nikafikiri ameumia. Nikafikiri mabaya kuliko kuumia.

"Saumu," Mama Furaha akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alisema kwa sauti ndogo. "Angalia kule."

Kule ni goli la wenyeji. Alisimama kipa mkubwa, amevaa jezi ya bluu ya wenyeji, lakini kofia ilikuwa ile ile ya Hennie yenye pembe ya kifaru iliyochorwa mbele. Mshambuliaji wetu akaja, akapiga, na yule kipa akaanguka kwa goti la kushoto kwanza, kama Hennie anavyoanguka, akakizuia kisahani.

Watu wa Cape Town wakashangilia. Wakamshangilia Hennie wetu kwa kuwazuia Vifaru.

Sijui niwaelezeje hisia hiyo. Ni kama umefika harusini ukamkuta bwana harusi amekaa upande wa bibi harusi mwingine. Nilishuka mpaka kwenye kioo nyuma ya goli lake, nikagonga kioo kwa ngumi zote mbili. Hapa ndipo ilipotoka ile habari kwamba nimempiga kipa, nilipiga kioo. Hennie akageuka. Aliniona. Akainua mkono wake wenye glovu kubwa, nusu ya kunisalimia na nusu ya kuomba radhi, halafu kisahani kikarudi upande wake akageuka tena.

"Amejiuza!" nikamwambia mtu wa kwanza aliyekuwa karibu. Kumbe alikuwa Oom Dawie, yaani mjomba Dawie, mzee anayetunza vifaa vya Vifaru, amekaa juu ya sanduku la magongo.

"Hakujiuza, Mama," akasema. "Amekopeshwa."

"Amekopeshwa na nani?"

"Na sisi."

Akanieleza huku macho yake yakiwa barafuni. Wenyeji walikuwa na makipa wawili. Mmoja aliumia goti wiki iliyopita, mwingine asubuhi hiyo aliamka anatapika, hawezi kusimama. Bila kipa hakuna mechi, na wenyeji wakikosa timu kamili ushindi ungekuwa wetu, ushindi wa mezani.

"Ushindi!" nikasema. "Tulihitaji mmoja tu! Timu isingevunjwa!"

"Ndiyo."

"Sasa?"

"Thabo alikataa."

Thabo ndiye nahodha. Ana miaka thelathini na tisa, ni mwalimu wa udereva, na kila mtu alijua hii ni mechi yake ya mwisho, goti lake limekwisha. Aliwaambia wenzake kwamba hatamaliza kazi ya miaka ishirini kwa kukaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo akisubiri karatasi isainiwe. Vifaru wana makipa wawili, akasema, tuwape mmoja tucheze. Sheria inaruhusu. Wakapiga kura, wengi wakakubali. Ndipo wenyeji wakaulizwa wanataka yupi, na wenyeji hawakuwa wajinga.

Nilimuuliza Oom Dawie kama jambo hilo lina akili. Akafikiri. "Sijui, Mama," akasema. "Mimi nilipiga kura ya hapana."

Zilibaki dakika nne. Sikujua nimshangilie nani. Kila Vifaru walipopiga nilipiga kelele, na kila Hennie alipozuia, mikono yangu ilipiga makofi yenyewe, kwa mazoea ya miaka mitatu, nikawa naishusha. Mama Furaha hakuwa na shida hiyo. Alikuwa anamtukana Hennie kwa lugha nne.

Dakika ya mwisho Vifaru walimtoa kipa wao wakaongeza mshambuliaji, wote wakahamia upande wetu wa kioo. Kisahani kiligonga mti wa goli, kikarudi, kikagonga kiatu cha mtu, kikamwangukia Thabo mbele ya goli, hatua tatu. Akapiga. Hennie alikwishaanguka upande mwingine, akajirusha kurudi, mguu wake ukakifikia kisahani kikiwa kimeshampita, akakilalia. Lundo la watu likaanguka juu yake. Honi ya mwisho ikalia.

Refa alichungulia chini ya lile lundo, akasimama, akatandaza mikono yake kama mtu anayetandika kitanda. Hakuna goli.

Nadhani hata wenyeji hawakujua washangilie nini. Hennie alibaki amelala kifudifudi, na Thabo alisimama juu yake akimtazama, mpaka mtu akaja akamvuta mkono.

Kurudi

Tulilala kwa binamu ya Mama Furaha huko Bellville, ambaye alitupikia na hakuuliza swali hata moja, Mungu ambariki. Jumapili asubuhi Oom Dawie akapiga simu: basi la timu lina viti viwili, turudi nao.

Nimewahi kupanda basi lililobeba maiti kwenda Tanga, na lilikuwa na mazungumzo zaidi ya hilo. Wachezaji walikaa wawili wawili. Hennie alikaa peke yake siti ya mbele, na siti ya pembeni yake ilikuwa tupu. Thabo alikaa nyuma kabisa, mguu amenyoosha kwenye njia, barafu ya mfuko juu ya goti. Tulipita milima, tukapita mashamba ya zabibu, tukaingia Karoo, nchi kavu isiyo na kitu cha kukushikisha jicho. Mama Furaha akagawa viazi vya karai vilivyobaki, wakapokea kwa mikono miwili kama watoto wa madrasa, wakasema asante.

Ndipo Thabo akaita kutoka nyuma, kwa sauti ya kawaida tu.

"Hennie. Kiliingia?"

Kila mtu alijua anauliza nini. Hennie hakugeuka mara moja.

"Sijui," akasema.

"Utakosaje kujua? Kilikuwa chini yako."

"Nilifumba macho, Thabo."

Hapo basi likalipuka. Mmoja akasema kiliingia, aliona mstari. Mwingine akasema asingeweza kuona mstari kwa sababu alikuwa amelala juu yake. Mama Furaha akasimama katikati ya njia. "Kiliingia! Nimeona na haya macho! Ule refa ni mwizi!" Na nusu ya basi ikamshangilia.

Thabo alikuwa ananitazama mimi.

"Mama Saumu," akasema, "wewe ulikuwa nyuma ya goli. Kwenye kioo."

Wote wakageuka. Hennie pia, sasa, aligeuka, na ule uso ninaoujua ulikuwa hauna wavu mbele yake.

Nataka muelewe kwamba nililifikiria. Matokeo yasingebadilika, refa ameshaandika. Lakini mtu huyu alikuwa na pigo moja la mwisho maishani mwake, na neno langu lingelifanya goli, angalau ndani ya basi hili. Mama Furaha alikuwa ananikonyeza macho mawili kwa pamoja. Na pale mbele alikaa mwingine, ambaye kama kiliingia basi alimnyang'anya rafiki yake kitu kisicho chake, na kama hakikuingia basi alifanya kazi bora kuliko zote nilizomwona akifanya, na akaifanya dhidi yetu. Sikujua lipi ni la kumsaidia nani.

"Hakikuingia," nikasema. "Niliona weupe wa barafu kati ya kisahani na mstari, hakijaufikia. Upana wa kidole."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mwanangu."

Akatikisa kichwa taratibu, mara kadhaa. Kisha akashusha mguu, akainuka, akaja akichechemea na mfuko wake wa barafu, akishika kiti kimoja baada ya kingine mpaka mbele. Akasimama juu ya Hennie kama alivyosimama jana yake.

"Sogea," akamwambia. "Goti langu linataka dirisha."

Hennie akasogea. Sikusikia walichosema baada ya hapo, kama walisema. Najua tulipopita Colesberg nahodha alikuwa amelala mdomo wazi begani kwa kipa, na kipa amekaa wima hajitikisi, maji ya barafu yanamtiririkia kwenye suruali.

Vifaru wamevunjwa. Mwenye timu alitangaza wiki iliyofuata, kwa sentensi mbili. Wengi wenu mmeniambia ni ujinga mtupu, wangechukua ushindi wa mezani wakaendelea kuishi, na mimi usiku mmoja nakubaliana nanyi na asubuhi yake sikubaliani. Mama Furaha hajanisamehe. Jana alikuwa ananisuka, kichwa changu kimebanwa magotini mwake pale saluni kwake Jules Street, akaanza tena.

"Ungesema tu kiliingia."

"Ingebadilisha nini?"

Akavuta nywele kwa nguvu zaidi kidogo kuliko inavyohitajika. "Sijue," akasema. "Lakini weye kweli ulikiona? Kweli kweli?"

Nikamwambia nilikiona. Akachambua fungu lingine, akasuka mpaka mwisho wa mstari. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ndogo ambayo nimeisikia mara mbili tu:

"Basi ule mutoto alidaka vizuri."